Historia ya Chuma Kiimbishacho Gita

Msomaji, watu wasikiapo gita la umeme likilia, wengi wao husifu mkono wa mpigaji. Wachache husifu gita lenyewe. Ni nadra sana kumsikia mtu akikisifu kipande cha chuma na shaba kilichofungwa ndani ya sanduku la kikuza sauti, mahali pasipofika jicho la msikilizaji. Hata hivyo, katika vikuza sauti vingi vya valvu, yaani vile vitumiavyo chupa za kioo zing'aazo kama taa, hakuna sauti hata moja iwezayo kufika masikioni bila kupita katika kipande hicho. Jina lake ni transfoma ya kutolea sauti. Historia yake yastahili kujulikana, maana ndani yake mna hesabu, mna uvumbuzi wa mataifa mengi, na mna funzo kwa kila nchi ipendayo kutumia vitu ilivyoletewa bila kujua vilivyoundwa.

Huenda ukauliza: jambo hili lamhusu nini kijana wa Kutulo? Kutulo ni mji mdogo katika njia itokayo Wajir kwenda El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya. Nchi yake ni kavu, ni nchi ya ngamia na mbuzi, na thamani ya mahali hupimwa kwa kisima. Jina la El Wak lenyewe, katika lugha ya watu wa huko, maana yake ni kisima cha Mungu. Nairobi iko mbali, na gari la mizigo likichelewa mvua za masika, hata sindano hukosekana dukani. Katika nchi kama hiyo kitu kikiharibika hakipati badala yake upesi. Kwa hiyo mtu ajuaye kuifungua mashine, kuutambua ugonjwa wake na kuiponya, ni mtu mwenye heshima kama mchimba kisima. Basi jambo hili lamhusu kijana wa Kutulo kuliko limhusuvyo kijana aliyezaliwa karibu na maduka ya vipuri.

Tuanze mwanzoni. Tarehe 29 Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma akaizungushia nyaya mbili za shaba, moja upande huu na nyingine upande wa pili, pasipo kugusana. Alipoutia umeme wa betri katika waya wa kwanza, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, sindano ikatikisika tena. Umeme ulipokuwa ukipita kwa utulivu, sindano haikusogea kamwe. Faraday akatambua kwamba si umeme wenyewe ulioruka kutoka waya hata waya, bali ni mabadiliko ya nguvu ya sumaku ndani ya chuma ndiyo yaliyozaa umeme mpya. Shika neno hilo, msomaji, maana ndilo ufunguo wa habari yote: transfoma haipokezi utulivu, hupokeza mabadiliko tu.

Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla ya pete ile kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kampuni ya Ganz mjini Budapest, nao ni Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma zenye kiini cha chuma kilichofungika pande zote, wakazitumia kupeleka umeme wa taa. Siri yao ilikuwa hesabu nyepesi. Waya wa kwanza ukizungushwa mara 1,000 na wa pili mara 100, volti zitokazo huwa sehemu moja ya kumi ya volti ziingiazo, na mkondo wa umeme huzidi mara kumi. Nguvu haiongezeki, bali hubadilika umbo. Ni kama mtu ainuaye jiwe kwa mti mrefu: mkono wake huenda mbali kwa nguvu ndogo, na ncha ya pili huenda karibu kwa nguvu kubwa.

Sasa tuingie katika valvu. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu yenye sehemu mbili, na mwishoni mwa mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaitia sehemu ya tatu, wavu mdogo wa waya. Umeme dhaifu ukigusa wavu ule, huamuru umeme mkubwa upitao ndani ya chupa, kama mtoto mwenye fimbo aongozavyo kundi zima la ngamia. Hapo kikuza sauti kikapatikana. Baadaye, mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani wakaeleza namna ya spika yenye kibuyu cha karatasi na koili iendayo mbele na nyuma ndani ya sumaku, nayo ndiyo mama wa spika nyingi tuzionazo hata leo.

Lakini valvu na spika hazikuelewana. Valvu ni chombo cha volti nyingi na mkondo mdogo. Ndani ya kikuza sauti cha gita volti zaweza kupita 400, na mkondo ukawa sehemu ndogo tu ya ampea moja. Spika, kwa upande wake, ni koili fupi ya waya wenye ukinzani wa omu 8 hivi, nayo hutaka mkondo mwingi na volti chache. Ukiziunganisha moja kwa moja, valvu itatoa jasho na spika itanong'ona. Palihitajika mpatanishi kati yao, ajuaye lugha za pande zote mbili. Mpatanishi huyo ndiye transfoma.

Gita la umeme lilitokea wakati huo huo. Kati ya mwaka 1931 na 1932, huko Los Angeles, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitoa gita lenye sumaku na koili karibu na nyuzi. Kisha mwaka 1938, katika mji wa Fullerton, California, kijana mmoja aitwaye Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio. Huyu hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi wa redio aliyewasikiliza wapiga gita wakilalamika juu ya vyombo vyao, akatengeneza alivyoweza, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni iliyobeba jina lake. Ni muhimu kulikumbuka jambo hilo: vikuza sauti vilivyobadili muziki wa dunia vilitoka katika meza ya mrekebishaji.

Wakati ule walikuwako waliotaka transfoma iliyo kamili kabisa. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha katika gazeti la Wireless World la Uingereza maelezo ya kikuza sauti cha kusikilizia santuri. Transfoma yake ilikuwa na mizunguko 4,400 katika waya wa kwanza, iliyogawanywa katika mafungu 10 na kupishanishwa na mafungu ya waya wa pili kama nyuzi za mkeka. Sababu ya kupishanisha ni hii: nyaya mbili zikikaa mbali, sehemu ya sumaku hupotea njiani, na sauti nyembamba hufa kabla ya kufika. Kazi hiyo ilikuwa bora, lakini ilikuwa nzito na ya gharama. Watengenezaji wa vikuza sauti vya gita walitaka kitu chepesi cha kubebwa na mwanamuziki na chenye bei ya kufikiwa naye. Wakapunguza chuma, wakapunguza kupishanisha. Sauti nene sana zikapungua na nyembamba sana zikalainika. Na masikio ya wapiga gita, badala ya kulaumu, yakapenda.

Tufanye hesabu kidogo, msomaji, kwa kuwa historia isiyo na hesabu katika jambo hili ni hadithi tu. Chukua kikuza sauti cha wati 30. Valvu zake mbili zataka kuona mzigo wa omu 8,000, na spika ina omu 8. Gawanya 8,000 kwa 8, utapata 1,000. Uwiano wa mizunguko ni kipeuo cha pili cha hesabu hiyo, yaani 31.6 hivi. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa upande wa spika wataka mizunguko 31 na zaidi upande wa valvu.

Lakini uwiano peke yake hautoshi. Uzi mnene wa gita, uliokazwa kwa desturi, hutikisika mara 82 kwa sekunde. Kadiri mtikisiko unavyokuwa wa polepole, ndivyo chuma kinavyobeba sumaku nyingi zaidi, na chuma kina mwisho wa kubeba: kikishiba hakiongezi tena, kama kibuyu kilichojaa. Wati 30 katika omu 8,000 ni volti 490 hivi. Kiini cha chuma kikiwa na upana wa sentimita 10 za mraba, nasi tukitaka kisipite kiwango cha tesla 1.2, hesabu yatuagiza mizunguko isiyopungua 1,120. Je, yatosha? Bado. Koili yenyewe sharti iuzuie umeme usipite bure ndani yake wakati wa sauti nene, na kwa mzigo wetu hutakiwa henri 15 au 16. Ikiwa njia ya sumaku ndani ya chuma ina urefu wa sentimita 20, na chuma chenyewe chapitisha sumaku mara 1,000 kuliko hewa, mizunguko 1,120 itatupa henri 8 hivi tu. Tukiifanya 1,600 tunapata henri 16. Basi tunachagua 1,600, na upande wa spika tunaweka 51.

Hapo ndipo mjengaji hukutana na mashindano ya matakwa. Akiongeza mizunguko ili kuokoa sauti nene, nafasi dirishani mwa chuma hupungua, naye hulazimika kutumia waya mwembamba. Waya mwembamba hupata moto na kula nguvu. Akiongeza chuma, uzito na bei hupanda. Akipishanisha matabaka mengi ili kuokoa sauti nyembamba, karatasi za kutenganisha hula nafasi, na kazi ya mikono huzidi. Hakuna transfoma ishindayo katika kila jambo. Kila moja ni mapatano, na sauti ya kila kikuza sauti ni alama ya mapatano aliyoyafanya mjengaji wake.

Yako mambo mawili zaidi ya kufahamu. Kikuza sauti kikiwa na valvu moja tu ya mwisho, umeme wake wa utulivu hupita siku zote upande mmoja na kukishibisha chuma hata kabla ya muziki kuanza. Kwa hiyo mafundi huacha mwanya mwembamba katikati ya mabati ya kiini. Zikiwa valvu mbili zivutanazo kwa zamu, kama watu wawili washikao msumeno mmoja, umeme wa utulivu wa hii huufuta wa ile, na mwanya hauhitajiki. Jambo la pili ni la hadhari. Kikuza sauti cha valvu kisipigwe kamwe bila spika. Nguvu ikikosa pa kutokea, volti huruka juu ndani ya koili, hutoboa karatasi za kutenganisha, na transfoma hufa. Wala mtu asiyefundishwa asitie mkono ndani, hata kama waya wa umeme umekwisha kung'olewa ukutani, kwa maana umeme uliohifadhiwa humo waweza kumwua.

Turudi katika historia. Mwaka 1962, huko Hanwell, London, mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo vya muziki aitwaye Jim Marshall, pamoja na mafundi wake, walikichukua kikuza sauti cha Fender kiitwacho Bassman wakakiiga. Mchoro ulikuwa karibu ule ule. Lakini transfoma walizinunua kwa wauzaji wa vipuri wa Uingereza, na spika nazo zikawa za Celestion. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya Fullerton. Ilikuwa kali zaidi, na vijana wa Uingereza waliitwaa wakaifanya sauti ya zama zao. Waigaji wakawa waasisi, kwa sababu walilazimika kutumia chuma cha kwao.

Na huku kwetu? Miongoni mwa watu wa kwanza kulipiga gita la umeme nchini Kenya huhesabiwa Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia kikosi cha burudani cha King's African Rifles. Katika miaka ya 1960 Nairobi ikawa na studio ya Equator Sound, na ndani yake bendi iliyowakusanya watu kama Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Nashil Pichen aliyetoka Zambia. Nguvu ya kazi yao ilivuka bahari: mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza lilirekodi upya wimbo wa Kabaka, "Helule Helule". Wakati ule vikuza sauti vya valvu vilikuwa ndivyo vilivyotawala jukwaani, nazo transfoma zake zilikuja na meli kutoka ng'ambo.

Upande wa Wasomali historia ina njia yake. Abdullahi Qarshe, ahesabiwaye kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, akalelewa Aden, akajifunza udi, na mwaka 1955 akashiriki kuanzisha kundi la Walaalo Hargeisa. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zikachanganya gita la umeme na nyimbo za kwao. Kisha vita vikaja. Hargeisa ilipigwa mabomu mwaka 1988, na watu waliojali wakazificha kanda za muziki ardhini zisiteketee. Serikali ya Mogadishu ikaanguka mwaka 1991, na mwaka huo huo kambi za Dadaab, katika Garissa, zikaanza kupokea wakimbizi. Kanda zilizofichwa ziliokoka, zikafukuliwa, zikasikika tena. Lakini kikuza sauti hakifichwi kwa urahisi katika shimo, wala hakichukuliwi mgongoni na mtu akimbiaye na watoto. Sauti iliokoka; vyombo vingi havikuokoka.

Kwa watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya, transfoma ya sauti ilifika kwanza ndani ya redio. Redio ya valvu isiyo na umeme wa mji ilihitaji betri mbili, ya volti chache ya kuwasha nyuzi za valvu, na nyingine kubwa ya volti 90 hivi. Mzigo huo haukumfaa mfugaji ahamaye. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Desemba 1947, ndiyo iliyomletea redio ndogo ya betri chache, naye akaweza kuisikiliza idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, akiwa malishoni. Transista hutoa mkondo mwingi kwa volti chache, kama spika itakavyo. Kwa hiyo baada ya muda transfoma ya sauti ikaondolewa katika redio. Katika vikuza sauti vya gita ilibaki na heshima, nayo ingali ikitengenezwa hata leo, kwa kuwa wapiga gita wengi hawakukubali kuuacha ulaini wake.

Nchi hiyo ilichelewa kupata mengi. Tangu mwishoni mwa mwaka 1963 hadi 1991 iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, na umeme, barabara na shule za ufundi zilikawia. Miji kama Wajir na Mandera iliangaziwa kwa muda mrefu kwa mitambo ya dizeli, mbali na nyaya za taifa. Lakini mwaka 2019 kilifunguliwa Garissa kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 50 hivi. Nawe tazama jinsi mambo yanavyorudi kwa Faraday. Umeme wa paneli za jua huenda upande mmoja kwa utulivu, na transfoma haipokezi utulivu. Kwa hiyo sharti ukatwekatwe kwanza, uende na kurudi, ndipo upite katika transfoma na kupandishwa volti. Kijana aielewaye transfoma ya gita ameuelewa mlango wa kituo kile.

Msomaji, waya wa shaba uliopakwa vanishi, mabati membamba ya chuma, karatasi, gundi, na kitu cha kuzungushia chenye kihesabio: hivyo ndivyo vyombo vyote vitakiwavyo kuizungusha upya transfoma iliyoungua. Mafundi wa miji yetu huzungusha upya koili za mota za pampu za visima kwa vyombo vivyo hivyo. Tofauti iko katika hesabu na subira. Mtu akiifungua transfoma iliyokufa, akaihesabu mizunguko yake mmoja baada ya mwingine huku akiandika, amekwisha kuusoma moyo wa yule aliyeijenga. Na akiizungusha upya ikalia, hakuna tena awezaye kumwambia kwamba chombo kile ni cha wageni.

Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakistiri mato. Muziki tumeuimba kwa sauti zetu na kwa lugha zetu, lakini chuma kilichoubeba kwa muda mrefu kimekuwa cha kuazima. Leo elimu yake haina mlinzi mlangoni. Imo katika hesabu ya darasa la fizikia, nayo yamngoja yeyote, wa Nairobi au wa Kutulo, atakayeketi na kuanza kuhesabu.